Dawa ya Mkwe

Mama Pasi, dobi wa uchochoro wa nyuma ya stendi, hakukaa darasani hata siku moja, lakini kumchoma paka sindano alikujua kuliko wengi waliosoma. Daktari wa mifugo alimwelekeza: mpe chakula kwanza, vuta dawa mpaka mstari wa pili, inua ngozi ya shingo, choma. Asubuhi na jioni. Aliishika ngozi ile kama anavyoshika kola ya shati, na paka hata kula haachi.

Paka mwenyewe alimwita Mkwe, maana alikuja kusalimia tu, akashiba, asiondoke. Sukari ilimpata uzeeni, akawa hashibi maji na kukojoa hakuishi.

"Sukari ni ugonjwa wa watu," mume wa Mama Pasi alikuwa akicheka. "Kesho utamnunulia na miwani."

Mume huyo, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufuliwa soksi, alipata mwanamke mwingine. Mchana kweupe akaja na pikapu kuchukua friji.

"Mume wangu, humo ndimo inamokaa dawa ya Mkwe."

"Friji nilinunua mimi."

"Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nakula mapovu?"

Mume alitoa kichupa cha dawa, akakiweka dirishani penye jua, akalibeba friji lake.

Mama Pasi akakimbia na kile kichupa kwa jirani yake, msusi.

"Shoga, nisitiri. Joto linaiua dawa hii. Niwekee penye baridi kabisa."

"Ondoa shaka. Hapa itatunzwa kama mwali."

Msusi alifanya kwa moyo mweupe. Aliiweka sehemu ya juu kabisa ya friji lake, kule kunakoganda barafu. Kila alfajiri, na kila alasiri, aliitoa mapema akaiacha mezani, ili mwenzake akija asisubiri. Kwa hiyo Mama Pasi aliikuta maji siku zote, baridi mkononi, akashukuru.

Wiki ya pili Mkwe akarudia kunywa maji bila kutosheka. Mama Pasi akasema ni uzee. Akasema ni huzuni. Akamlaani mumewe. Kisha miguu ya nyuma ikalegea, paka akawa anatembelea visigino kama mzee aliyevaa viatu vya kukopa. Asubuhi moja chakula kikawekwa, naye hakuinua hata kichwa. Mama Pasi alimfunga kwa taulo, akapita kwa msusi kuchukua kichupa, akaenda mbio kwa daktari.

Daktari alikiinua kichupa kwenye mwanga. Ndani vilielea vipande vyeupe.

"Mama, hii iliganda. Ikishaganda haina kazi tena. Ni kama umekuwa ukimchoma maji."

"Si ulisema baridi?"

"Nilisema baridi, mama. Sikusema barafu."

Alisema taratibu, bila kukemea, na hapo ndipo palipouma. Alijaribu dawa nyingine, akajaribu na dripu. Kabla ya adhuhuri Mkwe alikata roho, shavu lake kwenye kiganja kilichochubuka kwa sabuni.

Njia nzima maneno yalimchemka Mama Pasi kifuani, akitafuta wa kumtapikia. Mume alichukua friji, sawa. Msusi aliweka kwenye barafu, sawa. Lakini "penye baridi kabisa" ilitoka kinywani mwa nani?

Msusi alikuwa mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni.

"Mgonjwa wetu vipi?"

"Ametutoka."

"Jamani! Na dawa nilivyoitunza, shoga! Nimekosea wapi?"

Mama Pasi alimtazama. Yale maneno yote yalifika mpaka kwenye meno.

"Hukukosea," alisema. "Uliitunza."

Akaingia kwake, akafunga mlango. Alishika shuka la kwanza lililokuwa mbele yake, la mteja, safi, limekunjwa tayari, akazika uso humo na kulia mpaka ikambidi alifue upya.