Kaka aliacha dawa ya kolesteroli baada ya kuwekewa stenti

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu hapa Kigali, sijaongeza chumvi. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kaka yangu Innocent alikuwa fundi wa samani mtaa wa Gisozi. Tulikulia Karagwe, Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chetu ni cha kule.

Mwaka jana kifua kilimbana akiwa kazini. Hospitali wakakuta mshipa wa moyo umeziba, wakamwekea stenti, kile kibomba kidogo cha kuuacha wazi.

Kabla hata ya kumzibua, daktari alishamwanzishia statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Akatueleza mimi na wifi kwamba stenti imefungua sehemu moja tu, mishipa mingine inalindwa na dawa. Anywe kila siku, hata akijisikia mzima.

Akapata nafuu, akarudi karakana.

Kisha mapaja yakaanza kumuuma. Tulimsihi arudi kwa daktari, apunguziwe dozi au abadilishiwe.

Lakini kuna Faustin, wanasali pamoja, anauza unga wa mizizi. Yeye akamwambia vidonge vile vinamaliza misuli na ini, na mtu akishazibuliwa havihitaji tena.

Kaka akaacha vidonge, akaanza ule unga. Wifi alipolia, ndugu zetu wakamwambia hana imani.

Mapaja yakaacha kuuma kweli, si ameacha dawa? Faustin akaligeuza jambo hilo kuwa ushuhuda kanisani.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akaanguka akifunga viatu. Alifika hospitali akiwa hai. Safari hii ulikuwa mshipa mwingine, na moyo haukuhimili.

Daktari hakutuahidi kwamba dawa ingemwokoa. Alisema tu ingempa nafasi kubwa zaidi.

Msibani Faustin alikuja, akamshika wifi mkono.

"Ihangane, mama. Shida ni kwamba alichelewa kuanza dawa yangu."

Ihangane ndiyo pole yetu huku. Wifi akautoa mkono wake taratibu, akaenda kukaa na watoto. Mimi nilitoka nje, ningebaki ningemvua nguo mbele ya watu.

Nilichojifunza: dawa ya moyo ikikusumbua, rudi kwa aliyekuandikia. Usiiache kimyakimya.

Waliowekewa stenti humu, mliyawezaje maumivu ya misuli? Semeni, kuna wanaosoma wakiogopa kuuliza.

Na mnisaidie jingine. Jumapili nimemkuta shangazi yetu, mgonjwa wa moyo, ana kopo la unga wa Faustin mkobani. Nimwambieje anisikie?