Harufu ya Kabibi

Mtaani walimwita Mama Pua, naye hakuchukia. Madobi wengine hutia alama ya wino kwenye kola ili wajue shati ni la nani. Yeye aliinua nguo, akaivuta harufu mara moja, akaitupa kwenye beseni lake. Hii ya fundi gereji, iloweke. Hii ya mwalimu, chaki na jasho kidogo, suuza tu. Hii ya yule bwana harusi wa juzi, na marashi haya si ya mkewe! Hapo alicheka peke yake na kufunga mdomo, maana dobi mmbea hufa njaa. Upande wa pili wa chumba alisimama mumewe, Baba Pasi, akinyoosha alichofua mkewe. Waliishi hivyo miaka mingi, mke kwenye maji, mume kwenye moto, na wateja wakawatania kuwa ndiyo maana hawagombani, kila mtu ana adhabu yake.

Nguo moja tu katika nyumba ile haikuwahi kufuliwa. Lilikuwa sweta la shule la binti yao wa pekee, waliyemwita Kabibi, aliyeondoka na homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la pili. Alilivua akilalamikia kichwa, na hakulivaa tena. Mama yake alilitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila jioni, kazi ikiisha, alilitoa, akazamisha uso humo, kisha akalirudisha upesi lisipigwe na upepo.

"Yupo," alimwambia mumewe.

Baba Pasi hakuwahi kulinusa hata siku moja. Aliogopa. Kuambiwa yupo kulimtosha, akaendelea kupiga pasi.

Jioni ya ajali Mama Pua alikuwa amelishika sweta hilo hilo. Alikanyaga povu la sabuni sakafuni, miguu ikamtoka, akaenda chali, kisogo kikagonga ukingo wa karo la kufulia. Baba Pasi alitupa pasi, akaokota kitambaa cha kwanza kilichokuwa karibu na kichwa cha mkewe, akakikandamiza penye damu. Alikikandamiza njia nzima mpaka hospitali, na wauguzi walipomchukua mgonjwa alibaki nacho mkononi.

Asubuhi alirudi nyumbani kuchukua kanga za mkewe. Sasa msikilize vizuri huyu mwanamume kabla hujamhukumu. Dobi hafikirii damu. Damu haingoji, ikikauka imekushinda. Ukiona damu mkono unakwenda wenyewe: maji baridi, chumvi, sabuni, fikicha, suuza, rudia. Ndivyo mikono yake ilivyofanya, huku moyo wake uko wodini. Alipokikung'uta kile kitambaa na kukitundika kambani ndipo alipoiona nembo ya shule kifuani.

Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu yenye maji. Alilia mpaka mteja aliyekuja kuchukua suruali akaondoka bila kuuliza kitu. Sweta lilipokauka alilitia kwenye mfuko mpya, akaurudisha kwenye msumari.

Mama Pua alipona jeraha. Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango, kabla hata ya kukaa. Alizamisha uso ndani ya sweta. Akavuta pumzi, akavuta tena. Baba Pasi alijishika kwenye meza ya pasi.

"Baba, sisikii kitu."

Waliitana hivyo, baba na mama, hata baada ya yule aliyewapa majina hayo kuondoka.

"Hata sabuni siisikii. Hata ile ya chooni. Hebu nusa wewe. Yupo?"

Kwa mara ya kwanza maishani Baba Pasi aliinamisha pua kwenye sweta la mwanawe. Lilinukia sabuni, na hakuna kingine.

"Yupo, mama," alisema.

Tangu hapo ikawa kila jioni. Na mke hakuridhika na neno moja, alitaka maelezo. Mume, ambaye hakuwahi kuijua harufu aliyoulizwa, akawa anatunga: leo anasikika kama amekula chungwa, leo kama ametoka kukimbia, leo kama ana usingizi. Mkewe alifumba macho akaitikia kwa kichwa. Na wateja nao, bila kujua, waliendelea kuita mlangoni, "Mama Pua, hujambo?"

Hospitali walimpa vichupa avinuse, cha kahawa, cha limau, cha mafuta ya taa. Vyote kwake vilikuwa maji. Daktari akasema sasa atapigwa picha za ubongo, ili ijulikane kama kuna cha kungojea. Angelazwa ndani ya mashine, apuliziwe harufu puani kwa mrija, na picha zionyeshe kama sehemu ya ubongo inayopokea harufu inashtuka au imelala.

Baba Pasi alingoja kwenye benchi, mashine ikigonga nyuma ya ukuta. Kila aliyepita alimwona mume mwema aliyekunja mikono akimwombea mkewe, na kweli alikuwa anaomba. Pua ya mkewe ikirudi, kitu cha kwanza atakachonusa ni sweta. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake. *Mungu wangu, isirudi.* Aliomba, akajilaani kwa kuomba, akaomba tena.

Daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta. Aliwaonyesha, chini ya ubongo, juu kidogo ya pua, mahali pa vivimbe viwili vidogo vinavyopokea harufu. Vya Mama Pua vilikuwa vimesinyaa. Aliangukia kisogo, daktari akasema, lakini ubongo ulisukumwa mbele, na nyuzi nyembamba zinazopanda kutoka puani zikakatika. Na mrija ulipopuliza, hakuna kilichoshtuka.

"Itarudi lini?" aliuliza Mama Pua.

"Mama, sitaki kukudanganya. Sidhani kama itarudi."

Baba Pasi alikuwa amejibiwa dua yake. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Nyumbani mke hakuvua hata viatu. Alilitoa sweta, akakaa kwenye beseni lililopinduliwa, akalilaza magotini. Hakulinusa. Alishika ncha ya mkono wa kulia, akaisugua polepole kati ya vidole.

"Hapa palikuwa pagumu," alisema. "Alikuwa anajifutia kamasi, nikamgombeza mpaka nikachoka. Palikaa pagumu kama kadibodi. Siku niliyorudi nikapashika, palikuwa laini."

Aliinua uso, akamtazama mumewe.

"Ilikuwa damu yangu?"

"Ilikuwa damu yako. Mama, mikono yangu... sikuangalia. Nisamehe."

"Najua. Hata mimi ningeifua." Alikuwa analia sasa, bila kelele, machozi yakidondokea sufu. "Mle kwenye mashine walinipulizia vitu vyao, na mimi naomba nisisikie. Pua ingerudi, ningesikia nini? Sabuni. Basi angekuwa amekufa tena."

"Kumbe ulijua siku zote hizi. Na mimi nakutungia uongo kila jioni."

"Ulikuwa unatunga vizuri, baba. Ile ya chungwa alikuwa yeye kabisa."

Baba Pasi alipiga magoti kwenye simenti mbele yake. Mkewe alilikunjua sweta, akamsogezea usoni kwa mikono miwili.

"Haya, nusa," alisema. "Leo ametoka wapi?"