Koti la Mkomamanga

Wiki chache baada ya kumzika mume wa shangazi, nilipiga simu nikauliza kwa mazoea, "Shangazi, hamjambo huko?"

Akanikatisha. "Mimi na nani?"

Shangazi alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mwaka huo alipanda mkomamanga nyuma ya nyumba, kwenye baridi ya kutia vidole ganzi. Majirani walimwambia anajisumbua bure, mti huo unataka joto.

"Basi nitauvisha," akasema.

Alilifumua koti zito la marehemu, akalishona upya kwa kipimo cha mti, na vifungo juu hadi chini. Kila jioni aliuvisha. Kila asubuhi aliuvua, huku akiugombeza kwa uvivu wa kuzaa.

Mwaka wa tatu mti ulizaa komamanga moja, dogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Siku hiyo ulimi wangu uliteleza tena kwenye simu. "Hamjambo?" nikasema, nikafumba macho kungoja matusi.

"Hatujambo," akajibu. "Mwenzangu ameanza kuiva."

Tangu hapo nikawa nauliza hivyo hivyo, naye akijibu hivyo hivyo.

Juzi homa ilimlaza mapema, koti likabaki limening'inia kwenye msumari. Kulipokucha, hata maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Mimi sikujua lolote. Nilipiga simu kama kawaida.

"Shangazi, hamjambo?"



"Sijambo," akasema.