Dizeli ya Baba

Kwa zaidi ya mwaka mzima pikapu ya baba ilikaa juu ya mawe kando ya zizi, haina injini. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Injini yake ya kwanza, ya petroli, iliungua siku baba alipoiendesha bila maji kutoka mnadani. Tangu hapo watu wa Mwamapalala wakipita walimsalimia baba, kisha wakalisalimia na gari.

"Mwangaluka, mzee. Na mgonjwa wetu ameamkaje?"

Baba alicheka nao. Wakishaondoka aliwafukuza kuku kitini.

Wakati huo nilikuwa nimeshakaa miaka miwili kwenye gereji moja ya Bariadi mjini, najifunza kazi. Nilimaliza darasa la saba, sikuendelea. Gereji ilinifaa kwa sababu injini haikuulizi kitu mbele za watu. Tangu utotoni, watu wakinitazama wakingoja jibu, maneno yananirudi kooni. Peke yangu nayasema vizuri tu.

Fundi aliyenifundisha ndiye aliyepata injini mbili zinazoweza kuingia kwenye pikapu yetu. Moja ilikuwa ya petroli, ndogo, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Ya pili ilikuwa ya dizeli, nzito, tuliibeba watu wanne. Alinieleza tofauti ya hizo mbili akiwa amelala chini ya gari la mteja, mimi naona miguu yake tu. Alisema dizeli ina nguvu na haili mafuta sana, lakini ni ya mtu anayefanya kazi kila siku na anayejaza tanki. Tanki likikauka, upepo unaingia kwenye mipira ya mafuta, na injini haiwaki tena mpaka mtu alegeze nati, apige pampu ya mkono, autoe upepo wote. Petroli ikikuishia njiani unanunua chupa moja pale wanapowauzia watu wa bodaboda, unamimina, unaondoka.

"Baba yako anabeba mizigo siku za mnada tu," alisema. "Petroli inamtosha. Tena ataipata kwa mbuzi wake na dume mmoja. Hii dizeli itammalizia zizi. Kamwambie hivyo hivyo."

Nilikwenda nyumbani nikiyarudia maneno hayo njia nzima. Niliyasema kwa Kiswahili, nikayasema tena kwa Kisukuma, kwa sababu nyumbani ndivyo tunavyoongea. Nilipolifikia zizi nilikuwa nayajua kama sala.

Ndani ya zizi ng'ombe wetu wenyewe walikuwa wamebaki wachache, wengine walikufa kwa ukame. Waliojaza zizi walikuwa wa mahari ya dada yangu. Alikuwa ameolewa Nkololo, hata mwaka haujaisha. Siku walipoletwa, mimi na yeye tulisimama kwenye miiba ya zizi tukawatazama. Alinionyesha jike mmoja mwenye pembe iliyoinamia jicho, akasema huyo ndiye wake, amefanana naye kwa ubishi. Kisha akanitania.

"Hawa ndio watakaokuozesha wewe, mdogo wangu. Kama utaacha kuwaogopa wasichana."

Kwetu mambo huenda hivyo. Ng'ombe wa dada wanamuoza kaka. Lakini ndoa ikiwa changa ng'ombe hao hawaguswi, kwa sababu ikivunjika na mtoto hajapatikana, wanarudi walikotoka, wote.

Jioni ile baba alikaa nje na kaka yake mkubwa. Baba mkubwa ana mashine ya kusaga, inatumia dizeli, na kwa ajili hiyo kila mtu anamhesabu kuwa mjuzi wa injini. Alikuwa ameshaanza kuongea nilipofika. Alisema mashine yake imesaga mahindi ya kijiji kizima tangu mimi sijazaliwa, haijawahi kumwangusha. Petroli, alisema, ni ya bodaboda na ya vijana wanaovaa miwani ya jua. Inakimbia, haivuti.

"Dizeli ni dume," alimaliza. "Petroli ni ndama. Unataka kulima na ndama?"

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anapeta mchele. Hakunyanyua kichwa. Alisema tu kwamba ng'ombe wa mtoto wa kike hawauzwi mapema, nyumba yake bado mbichi. Baba akamjibu kwamba nyumba ya mtoto wake haina neno, kama lingekuwepo tungeshalisikia. Kisha akanigeukia.

"Wewe uliyekaa gereji. Unasemaje?"

Wote wakanitazama. Hata mama aliacha kupeta. Nilikuwa na kila neno la fundi, kwa lugha mbili. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Zote zinafaa," nikasema.

Baba akapiga paja kwa furaha. Alisema mmemsikia, fundi wetu amesema zote zinafaa, basi tuchukue yenye nguvu. Mama akarudi kwenye mchele wake. Wiki iliyofuata ng'ombe wa mahari na wetu waliobaki walipelekwa mnadani, na yule mwenye pembe iliyoinama alikuwa wa mwisho kutoka zizini, akasukumwa na watu wawili.

Injini ile tuliifunga mimi na fundi wangu. Fundi aliniuliza mara moja tu kama nilimwambia baba. Nikamwambia ndiyo.

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Ilivuta pamba, ilivuta magunia ya mpunga, ilipanda na watu nyuma bila kulalamika. Tabu yake ilikuwa ile ile niliyoambiwa. Baba alinunua dizeli kwa dumu la lita tano, siku nyingine kwa baba mkubwa kule mashineni, na tanki halikuwahi kufika nusu. Mara tatu ilikaukiwa njiani, upepo ukaingia, nikapigiwa simu nitoke mjini nije nipige pampu. Mara ya tatu baba aliniambia nirudi nyumbani kabisa, niwe dereva wake. Nikarudi.

Msimu wa kupalilia pamba dada alikuja kwa bodaboda, asubuhi, bila mzigo. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba na mdomo umepasuka. Hakulia. Alimsalimia baba kwa kupiga goti kama kawaida, akaingia jikoni, akachukua maji. Alipokunywa alisema neno moja.

"Sirudi."

Mama alimwosha uso. Tulijua baadaye kwamba haikuwa mara ya kwanza, na kwamba maneno yote ya nyumba ile yalikuwa juu ya mtoto ambaye hajapatikana. Mchana nilimkuta amesimama kwenye miiba ya zizi. Ndani kulikuwa na mbuzi na ndama wawili. Aliangalia zizi, kisha akaangalia pikapu.

Watu wa mumewe walikuja siku ya nne, wazee watatu. Hawakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Walikula, wakasifu ugali, wakauliza habari za mvua. Kisha mkubwa wao, baba mdogo wa mume, akasema hawana ugomvi na mtu. Kama binti amechoka, arudishiwe kila mtu chake, waachane kwa amani.

Baba aliwaomba wangoje mavuno ya pamba. Wakakataa kwa upole. Akataka kuwapa pikapu. Alisimama akaionyesha kwa mkono, akasema ina dizeli ndani, injini ya nguvu, ni ng'ombe wenu wenyewe hawa mnaowaona. Yule mzee aliitazama kwa adabu.

"Ng'ombe anakunywa maji ya bwawani na anazaa," alisema. "Hilo linakunywa dizeli na halizai. Sisi tulileta ng'ombe, mzee mwenzangu."

Baba alizunguka wiki nzima kutafuta mnunuzi. Alifika mpaka Mwanhuzi. Msimu ule hakuna aliyekuwa na kitu mkononi, na wachache waliolitazama gari walisema kama lingekuwa la petroli wangejitahidi, dizeli hawaiwezi. Aliporudi niliyasikia maneno hayo akimwambia mama. Aliyasema taratibu bila kunitazama, kwa sababu hakujua kwamba nilikuwa na sababu ya kutazamwa.

Kwa hiyo ilimbidi dada arudi kwa mumewe. Hakuna aliyesema arudi. Baba alisema tu kwamba kesho asubuhi nimpeleke kwa gari, asiende kwa miguu kama mtu asiye na kwao.

Niliamka kabla ya jogoo. Nikafungua boneti, nikalegeza nati ya bomba la mafuta pale kwenye chujio, mizunguko miwili. Kulipokucha dada alikaa mbele na kifurushi cha kitenge alichofungiwa na mama. Nikawasha. Iliunguruma kidogo, ikakohoa, ikazima.

"Imeingia upepo," nikasema.

Hilo nililisema bila kukwama. Nilishinda nimeinama kwenye boneti, nikipiga pampu ya mkono huku nati ikiwa imelegea, na injini ikikataa. Mchana baba alisema basi, kesho. Siku ile dada alitwanga na mama, akalala mchana kivulini, na jioni nilimsikia akicheka jambo fulani jikoni. Sikulijua ni jambo gani. Niliwaza kwamba nati moja inaweza kushika mambo mpaka mavuno.

Asubuhi ya pili ilikuwa vile vile. Baba alisema atamwita baba mkubwa aje aitazame, yeye anaijua dizeli. Akaenda kumfuata. Mama akaingia ndani. Nikabaki nimeinama, mikono inanuka mafuta, na dada akashuka akaja kusimama karibu yangu. Alitazama mahali nilipoweka kidole. Dizeli ilikuwa inadondoka pale tone moja moja.

"Umeifungua wewe," alisema.

Nikafuta tone kwa kidole, likaja jingine.

"Baba mkubwa akija ataiona. Na asipoiona, kesho utafungua nini? Na keshokutwa?"

Nilitaka kumwambia habari za fundi, na injini ya petroli, na mbuzi na dume mmoja. Nilitaka kumwambia kwamba niliulizwa. Maneno yalikuwepo yote, nilikuwa nimeyabeba tangu barabara ile ya kutoka Bariadi. Alingoja. Alikuwa ananijua, kwa hiyo alingoja zaidi ya watu wengine. Jicho lake lilikuwa limeshafunguka, limebaki na wekundu pembeni.

"Toa upepo, mdogo wangu," alisema mwishoni. "Twende."

Nikapiga pampu. Povu jeupe lilitoka kwenye nati, likatoka tena, kisha yakaja mafuta matupu, safi. Nikakaza. Nikaingia, nikawasha, ikawaka mara moja. Dizeli ikishatoka upepo haina ubishi. Baba na baba mkubwa walikuwa wanakuja kwenye njia ya shamba, wakausikia mlio wake, na nikamwona baba mkubwa akinyanyua fimbo kwa furaha.

Tukaondoka. Dada alishika kitenge chake kwa mikono miwili. Kila tulipopita mashimo nilipunguza mwendo, na hata pasipo na mashimo nilipunguza, lakini Nkololo si mbali kiasi hicho.

Tulipofika sikuzima injini. Kulikuwa na watu uani, mama mkwe na wanawake wengine, na mmoja alimwambia dada kitu mlangoni. Dizeli ina kelele, sikusikia ni nini. Niliona tu kwamba alipiga goti akasalimia, kisha akainama kuingia.

Mumewe alikuja upande wangu. Alinisalimia vizuri, akaniita shemeji. Alilizunguka gari taratibu, akagonga boneti kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani, akasema injini hii ni nzuri. Akaniuliza ni petroli au dizeli.

Nikamwambia ni dizeli. Neno lilitoka bila shida yoyote.