Mkwaruzo wa Redio ya Baba

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa letu kule Kabuchai, na noti ya kwanza aliichukua kwenye redio. Makanisa mengine yalikuwa na kinanda. Yeye alingoja ile milio ya saa inayotangulia taarifa ya habari, akaifuata kwa sauti ya chini, kisha akawagawia soprano na besi sauti zao. Kwaya za jirani zilimcheka sana mpaka zilipokutana naye kwenye mashindano.

Redio yenyewe ilikaa juu ya kabati, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitufe chake. Baba aliifungulia mpaka mwisho. Hatukushangaa, maana wazee wote wa kwetu hufungulia redio kana kwamba na majirani waliichangia.

Kaka yangu aliuza vyombo vya umeme katika duka la Mhindi mmoja mjini Kitale. Krismasi moja, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, alimletea Baba zawadi ya redio ya dijitali, ile inayopokea kutoka setilaiti kwa kisahani. Wakati huo redio ya zamani ilikuwa tayari inakwaruza, na Baba alikuwa ameanza kuipandisha kwaya juu mno, hata akina mama wa soprano wakawa wanakohoa katikati ya wimbo. Kaka alidhani ameleta dawa.

Aliziwasha zote mbili kwenye stesheni moja. Ya zamani ikatoa milio ya saa, na kabla haijamaliza, ya dijitali ikaanza yake, imechelewa kidogo. Baba akakunja uso.

"Umeona? Hiyo ledio yako inavuta hii yangu. Hizi dijitali ndizo zimehalibu mawimbi."

Kaka alimweleza kwa adabu kwamba dijitali inashuka kutoka angani na analogi inatoka kwenye mlingoti, kila moja na njia yake, na kwamba ya dijitali huchelewa kwa sababu ya safari ndefu. Baba akauliza mbona basi mkwaruzo umekuja miaka hii hii ya dijitali. Kaka akakubali kwamba zikikaa karibu huenda zikasumbuana, akaibeba yake mpaka zizini kwa ng'ombe. Ya Baba ikaendelea kukwaruza. Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe kaka akamgeukia Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, akamwomba aseme ukweli.

Mama hakuinua macho. Alisema tangu hizo dijitali zianze huko mjini, redio ya Baba haisikiki vizuri.

Basi Baba akasema chombo hicho kisilale katika boma lake. Kaka akakirudisha kwenye katoni na kuondoka nacho siku ileile. Hasira za nyumba yetu hazina kelele, ila zinakaa. Kaka hakuja tena. Alituma sukari kwa watu wanaopita, na Baba akanywa chai bila kuuliza sukari imetoka wapi. Mimi nilimpigia kaka simu nikamwita mjinga. Baba sikuweza kumwita hivyo, nikaishia kumfikiria hivyo tu.

Baba alifariki msimu wa palizi, na yeye na kaka hawakuwa wameonana tena. Kaka alifika kutoka Kitale akashindwa kuvuka mlango mpaka nilipomshika mkono. Jioni tuliketi kungoja tangazo la kifo lisomwe redioni, ili jamaa wanaoishi kule Kwanza na Naitiri wapate habari. Mama aliinuka, akawasha redio ya Baba, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akilifanya: akapunguza sauti hadi nusu.

Mtangazaji alisikika kama ameketi nasi sebuleni. Alisoma jina la Baba, akasoma na majina yetu, bila mkwaruzo wowote.

Kaka aliuliza ni nani aliyeitengeneza.

"Hakuna mtu ametengeneza," Mama alisema. "Haikuwa imeharibika. Baba yenu ndiye alikuwa hasikii. Akifungulia mpaka mwisho, sipika inakwaruza."

Kaka akasimama.

"Na ukanyamaza, Mama. Si nilifukuzwa kwetu sababu ya sipika?"

"Wewe ulikuwa na Kitale," alijibu. "Kanisa lingejua hasikii, lingempokonya kwaya. Yeye angebaki na nini?"

Kaka alilia, Mama naye akalia, na mimi sikujua nimshike nani kwanza. Niliwakasirikia wote watatu, na mmoja wao alikuwa kwenye jeneza chumba cha pili.

Siku ya mazishi kwaya ilianza juu mno, vilevile alivyoizoesha, na hakuna aliyetaka kuishusha. Kaka aliimba nao mpaka sauti ikamkauka.