Abee ya Khairiya

Khairiya Obeid alipomaliza Makerere mwaka 1959, akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea rada za mvua. Wanaume wa barazani kwetu Likoni wakaangua kicheko. Eti binti wa watu avuke bahari kwenda kujifunza uganga wa mvua! Mimi ni binamu yake, na kicheko kile chanichoma roho mpaka leo.

Mamake, Bi Mahfoudha, hakucheka. Aliuliza tu, "Hiyo rada ni kitu gani, mwanangu?"

"Mama, ukiniita, nikaitika abee papo hapo, wajua niko ukumbini. Abee ikikawia, wajua niko kisimani. Basi rada huita kwa mawimbi ya redio, na mvua huitika. Jibu likikawia, twajua mvua iko mbali."

"Kumbe! Basi nenda ukaite."

Alirudi na udaktari wake wiki chache kabla ya uhuru, akaalikwa kutoa mhadhara Changamwe. Ukumbi ulijaa pomoni. Wale wale wa barazani walikaa safu ya mbele, wamevaa kanzu za Idi, bila haya!

Khairiya alipopanda jukwaani, Bi Mahfoudha alisimama nyuma kabisa, akaita kwa sauti ya uani kwake, "Khairiya!"

Daktari mzima, mbele ya umati wote, akaitika papo hapo, "Abee, mama!"

Bi Mahfoudha akawatazama wale wanaume. "Mwasikia? Mwanangu amefika."