Meno ya Tusajigwe Hayaanikwi Tena

Asubuhi haijakomaa, lakini jasho limeshaulowesha mgongo wa Tusajigwe Mwakibinga. Ameinama katika chumba cha nyuma cha kliniki moja ya meno mjini Kyela, akilisugua jino kwenye msasa huku maji yakidondoka taratibu. Analiinua kwenye mwanga, analikodolea macho, anaguna, kisha anaanza upya.

"Likibaki na mikwaruzo, majibu yatadanganya," anasema bila kugeuka.

Meno hayo yameachwa na wagonjwa waliong'olewa na kuridhia yatumike. Tusajigwe, mwenye miaka arobaini na sita, ni msaidizi wa daktari. Huyasugua, huyapaka tindikali, huyasuuza, kisha huyapaka gundi ile inayoshikilia dawa ya kuzibia matundu. Baadaye hupelekwa maabara Mbeya, ambako mashine huvuta mpaka gundi iachie. Itakayogoma zaidi ndiyo kliniki itawapaka wagonjwa.

Sasa anairudia kazi yote, na amechoka. Hata yeye hafichi.

Mwaka jana daktari wake, Wilbroad, mtu wa Kagera, alikuwa akishindanisha gundi mbili. Meno ya gundi ya zamani waliyaandaa pamoja. Alimwonyesha kwamba baada ya kusuuza, jino hufutwa kidogo tu kwa pamba. Kisha akasafiri, akamwachia meno ya gundi mpya. Tusajigwe akayafuta, akayaona bado yana unyevu, roho ikakataa.

"Kaka, mimi nimekulia kijijini Ngana. Mpunga tunaanika, kokoa tunaanika. Kitu kibichi kinaoza, nani asiyejua? Nikatandaza kitambaa kwenye sinia, nikayatoa nje. Nilijiona nimefanya kazi safi kweli."

Jua la Kyela halina mchezo. Tindikali ikishapita, juu ya jino hubaki nyuzi laini zinazohitaji unyevu ili zisimame. Zikikauka zinalala, na gundi inakosa pa kupenya. Kule Mbeya gundi mpya ikabanduka kirahisi, nayo ya zamani ikashinda.

Kliniki ikaendelea na ya zamani. Kwa miezi kadhaa watu wakawa wanarudi na vipande vya dawa mikononi. Mmoja wao alikuwa Maria, mama mzazi wa Tusajigwe. Dawa ilimtoka akitafuna makande, jino likapasuka, likang'olewa.

Daktari Wilbroad aliona kuna jambo haliko sawa, akaanza kuuliza hatua kwa hatua.

"Nikamwambia, Mama Asajile, uliyakaushaje? Akanieleza kwa furaha kabisa," daktari anakumbuka, akimwita Tusajigwe kwa jina la mwanawe. "Nikakaa chini. Na mimi nilikosea. Nilimwonyesha namna, sikumpa sababu."

Tusajigwe anasema aliumia sana, na anaumia mpaka leo. Kuanza upya nako si lelemama. Meno mazima ya kupimia ni adimu, kwa kuwa mengi yanayong'olewa hapa yameshaliwa mpaka mzizini. Umeme ukikatika na friji kuzima, hukimbilia kwa wauza samaki kuomba barafu, meno yasiharibike. Jioni huifikia nyumba yake amejishika kiuno, chakula kikiwa tayari anasinzia.

Mara hii meno ya gundi zote mbili yanaandaliwa kwa njia moja, na hakuna linaloachwa bila unyevu. Kasha litaondoka wiki ijayo kwenda Mbeya.

Wakati huohuo jino la mwisho la Maria la kutafunia limeanza kutoboka. Binti yake alimwomba aje lizibwe. Maria akamshukuru kwa Kinyakyusa, akakataa kwa upole: "Ndaga, mwanangu. Nitatafuna polepole."

Tusajigwe anautua msasa, anafuta jasho kwa mkono wa gauni.

"Simlaumu," anasema. "Majibu yakitoka nitapanda mwenyewe mpaka Ngana kumchukua. Ila sitamwita kwa kubahatisha. Nikimwambia mama njoo, nataka gundi ishike."